Ganda tupu la risasi: shaba, vita na hesabu katika Kongo

Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, mapigano yakitulia, watoto huokota maganda ya risasi. Mengine yana rangi ya dhahabu, mengine yameshika kutu. Wakaaji wengi huyaona kuwa takataka tu. Lakini kuna wakati katika historia ya Kongo ambapo kila risasi ilihesabiwa kwa makini kuliko maisha ya mtu.

Huo ni wakati wa Bula Matari. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Askari wengi wa Force Publique walibeba bunduki ya Albini, yenye kupiga kartushi moja moja. Kartushi hizo zilitoka Ulaya kwa bei kali, na maofisa waliogopa askari wasizitumie kuwinda nyama au kuziweka kwa ajili ya uasi. Basi askari aliyetumwa kwenye vijiji vya mpira alidaiwa mkono wa kuume wa maiti kwa kila risasi iliyotumika. Aliyekosa shabaha, au aliyepiga nyama porini, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake itimie. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alizunguka sehemu za mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake juu ya mateso hayo ikatolewa mwaka 1904.

Baadaye Kongo yenyewe ikawa inatoa madini ya kutengeneza maganda. Ganda bora ni la shaba ya manjano, yaani karibu sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kuziba nafasi ili moto usirudi usoni pa mpigaji. Kisha hunywea kidogo na kutoka bila shida. Ganda la namna hiyo laweza kusafishwa, kutiwa fataki na baruti mpya, likatumika tena. Ganda la chuma, linaloonekana sana kwenye risasi za Kalashnikov, ni la bei nafuu, lakini halinywei vizuri hivyo, hushika kutu, na kwa kawaida hutupwa.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1911 ilitoa karibu tani 1,000 za shaba. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipohitaji maganda ya bunduki na mizinga, shaba hiyo ilitafutwa sana, na mwaka 1917 ikazidi tani 27,000. Zamani wafuaji wa Katanga walitengeneza misalaba ya shaba, iliyotumika kama pesa na kulipia mahari. Mali ya kuunganisha jamaa ikageuzwa kuwa chombo cha vita vya mbali.

Leo maganda yanahesabiwa tena, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha mashariki mwa Kongo, na wataalamu wake huchunguza maganda yanayobaki baada ya mapigano. Hutazama kitako cha ganda, ambapo mara nyingi kuna alama ya kiwanda na tarakimu za mwaka. Kwa mfano, ganda lenye alama ya mwaka 2015 linaonyesha kwamba risasi hiyo iliingia nchini baada ya vikwazo kuanza. Peke yake halitaji aliyepiga, kwa kuwa risasi huibwa, huuzwa na kutekwa. Lakini likilinganishwa na mengine ya mahali pengine, njia ya silaha huanza kuonekana.

Hesabu ya Bula Matari ilimlinda mwenye risasi. Hii ya leo yaweza kumsaidia aliyepigwa, kama ushahidi haujaondolewa mahali pake. Kwa hiyo familia zinazorudi mashambani ziwaonye watoto wasiokote kitu chochote cha vita. Ganda tupu lina tundu mbele. Lenye kichwa bado lina baruti na linaweza kuua. Yote yaachwe pale pale, na viongozi wa mtaa wajulishwe.