Mcheza Kwao Hutunzwa: Familia na Suala la Kukubaliwa katika Futuhi ya Muziki ya Hairspray

Uhakiki wa tamthilia katika nchi yetu haujaipa futuhi ya muziki nafasi kubwa, na sababu mojawapo ni ya kihistoria. Mnamo 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilitayarishwa kuigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, kabla ya kupelekwa kwenye tamasha la FESTAC la 1977 huko Lagos. Tamthilia hizo zilijikuta ziking'ang'ania tarehe na maonyesho ya kigeni, mojawapo likiwa futuhi ya muziki ya Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Si ajabu, basi, kwamba kwa wasomi wengi utanzu huu umebaki na sura ya starehe ya wageni. Makala haya hayanuii kuifuta kumbukumbu hiyo. Yanadai tu kwamba kosa la 1976 halikuwa la utanzu, bali lilitokana na swali la nani ana haki ya kupanda jukwaani. Na kwamba swali hilohilo ndilo kiini cha futuhi moja ya muziki inayostahili kuchunguzwa, nayo ni Hairspray.

Hairspray haikuanzia New York. Ilionyeshwa kwanza katikati ya 2002 katika ukumbi wa 5th Avenue mjini Seattle, ukumbi wa jimboni uliofunguliwa mwaka 1926. Mwelekezi wake, Jack O'Brien, alikuwa wakati huo kiongozi wa kisanaa wa ukumbi mwingine wa jimboni, Old Globe wa San Diego. Desturi ya kulijaribu onyesho mbali na jiji kuu ina mantiki yake: mahali ambapo hadhira haikucheka, mazungumzo huandikwa upya, wimbo uliopoa hukatwa. Hadhira ya jimboni, kwa hiyo, huchangia katika utunzi wenyewe. Tarehe 15 Agosti 2002 onyesho lilifunguliwa Broadway, likapata tuzo nane za Tony mwaka 2003, na likaendelea hadi Januari 2009, baada ya maonyesho 2,642. Muziki ulitungwa na Marc Shaiman, ambaye aliandika maneno ya nyimbo pamoja na Scott Wittman. Hadithi iliandikwa na Mark O'Donnell na Thomas Meehan, kutokana na filamu ya John Waters ya 1988.

Msuko wake ni mwepesi. Mwaka ni 1962, mji ni Baltimore. Tracy Turnblad, msichana mnene wa tabaka la wafanyakazi, anatamani kucheza dansi katika kipindi cha televisheni cha vijana. Mamake, Edna, ambaye hufua na kupiga pasi nguo za watu, anamkataza. Katazo hili halitokani na ukali. Edna mwenyewe ana miaka mingi hajatoka nje kwa kuuonea haya mwili wake, naye anahofia kwamba bintiye atachekwa. Tracy anafaulu kuingia, kisha anatambua kwamba vijana Weusi, ambao ndio waliomfundisha mitindo ya dansi, hawaruhusiwi katika kipindi hicho isipokuwa siku moja kwa mwezi.

Tangu enzi ya Menander na Plautus, futuhi imejengwa juu ya kizingiti: vijana wanataka kuoana, mzee anaziba njia, na mwishoni wote wanakaribishwa karamuni. Upya wa Hairspray ni kuviweka vizingiti viwili sambamba, cha nyumba na cha studio. Mamake Penny Pingleton anamfungia bintiye ndani, kama vile kituo cha televisheni kinavyowafungia Weusi nje. Penny anampenda Seaweed, kijana Mweusi, na mapenzi yao yanalazimisha mlango mmoja ufunguke pamoja na mwingine. Edna naye anakombolewa na bintiye. Huo ni ugeuzaji wa uhusiano wa mzazi na mtoto: mtoto ndiye anayemfunza mzazi kujikubali. Nafasi ya Edna huigizwa na mwanamume kwa desturi, kuanzia Divine katika filamu hadi Harvey Fierstein jukwaani. Hata hivyo, onyesho halimfanyi mama huyu kuwa kichekesho kitupu. Wimbo wake wa mapenzi na mumewe, Wilbur, unaimbwa kwa upole wa watu waliozeeka pamoja.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuuliza habari za historia. Kipindi kilichokuwa kielelezo cha hadithi hii, The Buddy Deane Show, kilianza kurushwa Baltimore mwaka 1957. Mwezi wa Agosti 1963 kundi la vijana Weupe na Weusi liliingia studioni na kucheza pamoja mbele ya kamera. Kwenye tamthilia, tukio la namna hiyo ndilo hatima yenye furaha: vizuizi vinaondolewa, na hata mahasimu wanaalikwa kucheza. Katika maisha halisi mambo yalikwenda kinyume. Kipindi hakikufunguliwa kwa wote. Kilifungwa kabisa mwezi wa Januari 1964. Ilionekana rahisi zaidi kuizima ngoma kuliko kuicheza pamoja.

Je, futuhi imedanganya? Jibu letu ni kwamba imefanya kazi ya utanzu wake. Tanzia huonyesha gharama ya mlango uliofungwa. Futuhi huonyesha kwamba kufungwa kwake hakukuwa amri ya maumbile. Hata hivyo, furaha hii ina dosari. Ushindi wa Weusi unapitia mikononi mwa msichana Mweupe, na hadhira inaweza kuondoka ikidhani kwamba moyo mwema wa mtu mmoja unatosha kuondoa ubaguzi. Watunzi waliitambua hatari hiyo kwa kiasi. Wimbo mzito karibu na mwisho hakupewa Tracy, bali Motormouth Maybelle, mama yake Seaweed na mwenye duka la santuri. Ni yeye anayekumbusha kwamba safari ilianza kabla Tracy hajazaliwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja wakati tamthilia iliporudi majimboni, ikaigizwa na kumbi za mitaa na shule. Baadhi ya vikundi havikuwa na waigizaji Weusi, na kwa miaka kadhaa watunzi waliruhusu nafasi hizo ziigizwe na watu wa rangi nyingine, mradi barua ya ufafanuzi ichapishwe katika kijitabu cha onyesho. Mwaka 2020 ruhusa hiyo iliondolewa. Tangu hapo inatakiwa waigizaji walingane na wahusika kama walivyoandikwa. Ipo hoja inayopinga uamuzi huo: kwamba mji usio na Weusi wa kuigiza ndio unaouhitaji zaidi mchezo huu. Lakini hoja hiyo inaliacha swali muhimu bila kuulizwa. Ikiwa ukumbi hauna mwigizaji Mweusi, je, ni kwa sababu hayupo mjini, au ni kwa sababu hajawahi kuhisi kwamba mlango ule ni wake? Kundi lenye rangi moja linaloimba nyimbo za muungano linakuwa limeirudia Baltimore ya 1964 bila kujua.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huwa tunaisoma kama sifa ya nyumbani, lakini ndani yake mna sharti: lazima kwanza mchezaji apatambue mahali pale kuwa ni kwao, na wenyeji wakiri hivyo. Sharti hilo ndilo lililokosekana Nairobi mwaka 1976, pale Wakenya walipolazimika kuomba nafasi katika ukumbi ulioitwa wa taifa lao. Futuhi ya muziki inaweza kukaa upande wowote wa mlango huo. Kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kuisikiliza nyimbo yake ya mwisho akiwa ameyaelekeza macho jukwaani, awahesabu walioruhusiwa kuiimba, kisha awatafute wale waliobaki nje.