Majina ya Manowari za Massawa

Sisi wa Ikoma maji yetu ni mto Grumeti, na kiangazi kikikolea hata huo hubaki madimbwi. Sasa manowari za Mtaliano zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu ya keya. Babu mmoja wa kijijini, aliyekwenda Uhabeshi na KAR, alikuwa akituambia watoto, "Mtaliano tulimfukuza kwa miguu." Habari ya bahari hakuitaja hata siku moja.

Lakini bahari ilikuwako. Katika miaka ya 1920 Italia iliunda manowari nne za aina moja, aina ya Sauro: nyembamba, za mbio, kila moja na mizinga minne ya milimita 120 na mirija sita ya topido. Haya, msomaji, sikiliza majina. Nazario Sauro na Cesare Battisti walinyongwa na Austria mwaka 1916, kwa kuwa walitaka kwao kuwe Italia. Daniele Manin aliongoza Venice ilipomwasi Mwaustria mwaka 1848, akafia uhamishoni Paris. Francesco Nullo ndiye hasa ananigusa: alikufa mwaka 1863 akiwapigania Wapolandi dhidi ya Mrusi. Nchi ya wenyewe!

Meli za majina hayo ndizo zilizowekwa Massawa, bandari ya Eritrea, kulinda ukoloni. Sidhani kama kuna aliyecheka.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Suez ilikuwa mkononi mwa Mwingereza. Kurudi kwao hakuna. Nullo ilitangulia kufa, Oktoba, kwenye kisiwa cha Harmil. Keren ilipoanguka mwishoni mwa Machi 1941, zilizobaki zikatoka Aprili 2 kwenda kuishambulia Port Sudan, safari ambayo kila baharia aliijua. Kesho yake ndege za Mwingereza zikaizamisha Sauro, kisha Manin. Battisti, mashine mbovu, ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe pwani ya Uarabuni.

Aprili 6 Addis Ababa ikatekwa. Aprili 8, Massawa. Mwezi Mei kikosi cha 6 cha KAR, vijana wa Tanganyika, kilikuwa bado kinapigana Uhabeshi. Mhabeshi akarudishiwa mfalme wake. Keya wakarudi Tanganyika, kwa Mwingereza yule yule.

Babu alikuwa akisimulia amevaa koti lake la jeshi. Tukimwuliza, "Babu, ulikuwa unampigania nani?" hunyoosha mkono, akaomba ugoro.