Karura na Watu wa Chuo

Ukitaja Karura, watu hufikiria baiskeli, pikiniki na picha za maporomoko. Ukitaja Wangari Maathai, hufikiria Nobel ya 2004. Katikati ya hayo mawili kuna chuo kikuu ambacho tumekisahau, na nadhani chenyewe hakina hamu sana ya kukumbushwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Utafiti wake ulihusu kupe wanaoambukiza ng'ombe homa, na kupe hawafuati mtu ofisini. Ilibidi atoke mjini aende mashambani kuwabandua kwenye ng'ombe. Huko akaona mito ikigeuka rangi ya udongo kila mvua inaponyesha, na ng'ombe mbavu nje. Kumbe kupe walikuwa shida ndogo. Ardhi yenyewe ilikuwa inahama.

Mwaka wa 1974 alifungua kampuni ndogo, Envirocare, ili watu wasio na kazi walipwe kwa kupanda na kutunza miti. Kitalu chake kilikuwa Karura hapo hapo. Pesa zikakosekana, kampuni ikafa. Lakini tarehe 5 Juni 1977, yeye na Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Green Belt Movement ikaanzia hapo.

Wataalamu wa misitu hawakuamini. Ati mwanamke wa kijijini atapandaje mti bila diploma? Basi akina mama wakaacha kuwangoja. Wakaangalia mbegu zinavyoota zenyewe, wakatumia mikebe mikuukuu na vyungu vilivyovunjika, na kila mche ulioshika ukawaletea senti kidogo. Maathai akawaita wanamisitu wasio na diploma. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kuvaa joho, jina hilo nalipenda sana.

Na chuo je? Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Akazuiwa, wakidai hajasajiliwa kama mpiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake aliambiwa nafasi imeshajazwa, kisha akaambiwa ahame nyumba ya chuo. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 16. Chansela wa chuo wakati huo alikuwa Rais Moi, kwa hivyo usijiulize maswali mengi.

Halafu ikaja vita ya Karura. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba msitu huo, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ulikuwa unagawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alifika langoni na wenzake, wakiwemo wabunge na waandishi wa habari, wapande mti. Walinzi wa kukodiwa wakawavamia, yeye akapasuliwa kichwa. Katika kituo cha polisi, alitia sahihi taarifa yake kwa damu.

Hiyo sehemu tunaijua. Iliyofuata hatuisimulii sana. Mwisho wa mwezi huo, wanafunzi wa Nairobi na Kenyatta waliamua kuandamana kwa ajili ya Karura. Wakakutana na polisi, marungu na vitoa machozi. Vurugu zikaendelea siku kadhaa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Sasa fikiria hesabu ya mwanafunzi wa wakati huo: mzazi ameuza ng'ombe alipe karo, na wewe unarudi nyumbani na sanduku lako kwa sababu ya msitu ambao hutapewa hata ukuni. Sisemi kila aliyerusha jiwe aliwaza mazingira. Makomredi tunawajua. Lakini kumpiga mama mmoja langoni ni jambo moja, na kuwafukuza vijana wa nchi nzima waende na hiyo habari hadi vijijini kwao ni jambo lingine kabisa. Tarehe 16 Agosti mwaka huo, Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka wa 2010 chuo kilekile kilianzisha taasisi ya amani na mazingira katika kampasi ya Upper Kabete, ikapewa jina la Wangari Maathai. Ni miaka 28 tangu wamwambie ahame. Ukitaka kusoma shahada ya uzamili hapo, lazima kwanza uwe na digrii.