Mkesha wa Watakatifu na Kofia ya Karatasi

Katika kitabu hiki kidogo tumezoea kuandika juu ya desturi za kwetu: mahari, kilio, majina ya mapacha, heshima ya wakwe. Safari hii tunaomba ruhusa tuandike juu ya desturi ya watu wengine, ile Waamerika wanaita Halloween. Hatuiandiki kwa kuipenda. Tunaiandika kwa sababu iliingia ndani ya nyumba yetu bila kubisha hodi, na ilibaki kidogo tu ivunje jamaa yetu.

Tunaposema "sisi", ni baba na mama ya watoto. Maneno haya tumeyapanga pamoja, hata pale tulipokosana.

Tulikaa Des Moines, mji mkubwa wa jimbo la Iowa, kutoka 2013 mpaka 2018. Mwaka wa kwanza, mwezi wa 10 ulipofika, tuliona mbele ya nyumba ya jirani misalaba mitatu na mawe ya malalo yamesimamishwa ndani ya majani, na mifupa ya mtu imeegemea mti. Mama ya watoto akatafuta kitambaa, akajifunga, akaweka kilo mbili za sukari ndani ya mfuko. Akasema: "Twende tukawasalimie, balifiwa." Tulifika mpaka kwa mlango. Yule mama mzee mzungu akafungua, akapokea sukari, akashukuru sana, na hakuelewa kitu. Sisi pia hatukuelewa. Ni katika kurudi njo tuliona nyumba ya tatu nayo ina malalo, na ya tano, na tukajua kwamba haiwezekani njia nzima ifiwe siku moja.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lililofuata halikuchekesha.

Mwaka 2016 mkubwa wetu, binti, alikuwa na miaka 7, na mdogo, mvulana, alikuwa na miaka 5, ndiyo kwanza ameanza masomo. Siku moja kila mmoja akaleta karatasi: kutakuwa siku kuu darasani, watoto wanaweza kuja na nguo za kujigeuza. Juu ya karatasi walichora mwanamke mwenye pua ndefu na kofia yenye ncha, anaruka juu ya ufagio. Mkubwa akatueleza kwa furaha: "Ni mulozi, mama. Anaruka usiku." Mama yake akaweka karatasi chini sawa vile mtu anaweka kitu cha moto.

Ni lazima msomaji ajue sababu. Mwaka 2004, hapa kwetu Lubumbashi, mwipwa wetu mmoja alifukuzwa nyumbani akiwa na miaka 9. Baba yake alipoteza kazi, kitoto kingine kikafa na homa, na mtu wa maombi akanyoosha kidole: ni huyu. Alilala sokoni karibu miaka miwili. Tulipompata alikuwa na alama za moto mikononi, na hatutasema zaidi. Si yeye peke yake. Tangu miaka ya 1990, Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na pengine, watoto wengi walitupwa njiani kwa neno hilo moja. Ndiyo maana Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuacha watoto na kuwatesa, na inataja wazi kuwasingizia bulozi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ikaweka azabu. Basi mama wa Kikongo anayejua hayo, mtoto wake arudi na picha ya mulozi na kuomba kuvaa ile kofia, msimwite mshamba.

Mchungaji mmoja wa kwetu kule alisema ni siku kuu ya shetani, na kwamba Papa wa Roma aliichukua kwa wapagani akaipaka mafuta tu. Sisi ni Wakatoliki, neno lile lilituuma kidogo. Tukaenda kusoma ku maktaba ya mji. Tuliyoyapata ni haya.

Jina lenyewe ni la kanisa. Kwa Kiingereza cha zamani maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, yaani tarehe 31 Oktoba jioni, siku moja mbele ya ile Toussaint tunayoijua wote. Kabla ya ukristo, watu wa Ayalandi walikuwa na siku kuu ya kuingia kwa baridi, iliyoitwa Samhain. Ng'ombe walirudishwa kutoka malisho, moto mkubwa uliwashwa, na iliaminiwa kwamba usiku ule mlango kati ya wazima na wale wa ng'ambo unabaki wazi. Lakini karibu yote tunayoyajua juu ya Samhain yaliandikwa na watawa, miaka mingi baadaye. Katika karne ya 8 Papa Gregori wa 3 aliweka ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma mahali pa kuwaheshimu watakatifu wote. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa 4, tarehe 1 Novemba ikatangazwa katika nchi za mfalme Ludoviko. Je, waliiiba kwa wapagani wa Ayalandi? Mwanahistoria Mwingereza Ronald Hutton ameonyesha kwamba Waayalandi wa zamani walifanya sikukuu ya Watakatifu Wote mwezi wa 4. Tarehe ya Novemba ilitoka upande wa Uingereza na wa Wajerumani. Kwa hiyo habari ya Papa na mafuta si nyepesi sawa vile mchungaji alivyosema. Tulimpelekea jibu hilo. Hakufurahi.

Mwisho wa karne ya 10, Odilo, mkubwa wa watawa wa Cluny kule Ufaransa, akaongeza tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea wafu. Hapo njo mzizi wa kubisha milango ulipo, kwa maoni yetu. Kule Uingereza maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba, wakapewa mikate midogo, na wao wakaombea roho za wafu wa nyumba ile. Mkate kwa sala. Sisi watu wa kilio tunaelewa biashara ya namna hiyo bila kufundishwa.

Kisha ikaja njaa kubwa ya Ayalandi, 1845 mpaka 1852, viazi vilipooza shambani. Karibu watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni walivuka bahari, wengi wao kuelekea Amerika. Walibeba mkesha wao. Kwao walizoea kuchonga sura ya mtu ndani ya mzizi mnene wa shambani unaofanana na bitiruti. Amerika wakakuta boga, lile ambalo majani yake sisi tunayaita chibwabwa, kubwa na laini kuchonga. Walikuwa wakimbizi. Jambo hili lilimgusa mama ya watoto kuliko habari zote za mapapa.

Nchini Amerika sala ilianguka, utundu ukabaki. Kufika miaka ya 1920 na 1930 vijana walikuwa wanavunja madirisha na kung'oa milango ya bustani usiku ule, mpaka miji ikatafuta dawa: wape watoto kitu kitamu ili waache fujo. Wakati wa vita vya pili vya dunia sukari ilipimwa na bonboni zikawa haba. Baada ya 1947 desturi ikawaka nchi nzima. Mwaka 1950, kutoka Philadelphia, watoto wakaanza pia kubeba visanduku vya kukusanya feza za UNICEF. Inawezekana chanjo fulani ya mtoto wa Katanga ililipwa na mtoto aliyevaa mifupa ya karatasi. Mambo ya dunia hii.

Des Moines ilipata dawa yake yenyewe. Tangu mwisho wa miaka ya 1930, kwa sababu ya fujo hizo, mji uliwaagiza watoto wapite tarehe 30 Oktoba, si 31, saa kumi na mbili mpaka saa mbili ya jioni, na wakauita Usiku wa Waombaji. (Mwaka 2024, kwa ajili ya mvua, walihamia tarehe 31.) Na kuna sharti ambalo hatukulisikia mahali pengine: mtoto hapewi bure. Ni lazima kwanza aseme jambo la kuchekesha.

Bado tulikosana. Baba alisema watoto waende, wasibaguliwe. Mama alisema: "Mi sikatai bonboni. Nakatala ile jina." Kulikuwa na woga mwingine pia, wa sumu. Tulisikia kwamba mwaka 1974 kule Texas mtoto aliuawa na bonboni ya usiku ule. Tukasoma: kweli aliuawa, lakini na baba yake mwenyewe, aliyetaka feza za bima, na serikali ikamwua yule baba mwaka 1984. Mwalimu wa chuo kikuu Joel Best alichunguza kesi za miaka mingi na hakupata hata moja iliyohakikishwa ya mtoto kuuawa na bonboni ya mtu asiyemjua. Mama akakaa kimya muda. Akasema: "Basi nako kule, hatari ilitoka mu nyumba." Alikuwa anafikiri mwipwa.

Tukapatana hivi: wataenda, lakini hakuna mulozi, hakuna shetani, hakuna mfu. Mkubwa akawa simba, na mkia wa kamba. Mdogo akawa dereva wa kamio. Baridi ilikuwa kali, makoti yakafunika kila kitu, na simba ikaonekana uso tu. Kwa mlango wa kwanza wakaambiwa waseme jambo la kuchekesha. Mkubwa akatoa kitendawili cha nkambo yake, kile cha nyumba isiyo na mlango, akakigeuza kwa Kiingereza. Mwenye nyumba akafikiri. Akafikiri sana. Mtoto akamwambia: "Yai." Hakucheka hata kidogo, lakini akamwita mume wake aje asikie. Kwa yule mama mzee wa sukari kikarudiwa mara tatu, na watoto wakaondoka na mikono miwili imejaa. Wazazi wengine wanatuuliza kama tulijuta. Ile jioni, hapana.

Ila darasani mwalimu aligawa karatasi nyeusi na gundi, kila mtoto akatengeneza kofia yenye ncha, na walipigwa picha. Hatukuulizwa. Picha ilifika kwa telefone yetu na tukaiacha humo.

Tulirudi Lubumbashi mwaka 2018. Mwezi wa pili, mdogo alikuwa anawaonyesha wanababa yake picha za theluji. Akafika kwa ile ya kofia, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na sauti ya juu: "Apa nilikuwaka mulozi." Nyumba ikanyamaza. Shangazi mmoja akachukua telefone, akatazama, akapitisha kwa mwingine. Wiki ile nkambo alikuwa anaumwa miguu. Kesho yake watoto wa jamaa hawakuletwa tena kucheza. Siku ya nne baba mukubwa akaita kikao.

Tulienda na yote tuliyoandika hapo juu. Tukaeleza Samhain na Cluny na viazi. Wazee wakasikiliza kwa heshima, sawa vile unasikiliza mtu anayesoma barua ya kampuni. Tukajaribu upande mwingine: hata sisi, wazee wangu, tuna watu wanaojigeuza. Wasonge na Waluba wana kifwebe, sura ya mti yenye mistari. Kule Dilolo kwa Wachokwe, wakati wa mukanda, makishi wanatoka, wanapita vijijini, wanacheza, wanapewa zawadi. Mzee mmoja akatukata neno, na alikuwa na haki: "Lakini kifwebe haivaliwe na mutoto. Mutoto anakimbia." Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba kwetu sura ile ni kazi ya wakubwa walioingizwa, na kule wameigeuza mchezo wa wadogo. Mtu asiseme ni kitu kimoja. Tulikuwa tumeenda na mfano uliotugeukia.

Aliyetuokoa ni nkambo mwenyewe, ambaye miguu yake njo ilileta mashaka. Alikuwa kwenye kiti kule nyuma. Akauliza: "Ile kofia, kisha alifanya nayo nini?"

Tukamwita mtoto. Akajibu: "Ilipasuka. Nilitupa mu pubele."

"Na mwalimu hakukasirika?"

"Hapana. Yeye pia alitupa ya kwake."

Nkambo akacheka mpaka akakohoa. Akawaambia wanawe kwamba yeye aliona vifwebe kwao kijijini akiwa msichana, vilivyofichwa na kulindwa, na kwamba kitu cha bulozi hakitupwe pamoja na maganda ya ndizi. Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, jina la mwipwa aliyelala sokoni, na akauliza nani kati ya waliokaa pale alimtafutia mkate ile miaka miwili. Hakuna aliyeinua macho. Baba mukubwa akafunga kikao bila kusema kimefungwa.

Watoto walirudi kucheza, wengi wao. Nyumba moja haijarudi mpaka leo, na tunaposalimiana njiani ni salamu ya mbali. Picha tuliiacha ndani ya telefone. Mama hakutaka tuifute, alisema kuifuta ni kukubali.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti asubuhi, siku ya Wazazi, tulienda wote ku malalo ya Sendwe kusafisha kaburi ya nkambo mwanaume, kama tunavyofanya kila mwaka kabla ya kurudi kula na wazima. Mdogo aliangalia misalaba ile mingi, akatusogelea, akauliza polepole kama hii ni ya kweli ama ni ya mapambo. Tukamwambia ni ya kweli. Akauliza tena kama watu wa hapa wanapenda bonboni. Mama yake akamwambia ashike jembe.