Gati Lililofukiwa Mara Mbili

Mwambie mtu kwamba unakwenda Rio de Janeiro, naye atakuuliza habari za mpira, ufukwe wa Copacabana na ile sanamu ya Yesu mlimani. Vyote hivyo tuliviona, hatukatai. Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tuna habari yetu katika mji ule, na ndiyo tuliyoifuata.

Tulianzia Quinta da Boa Vista, bustani pana yenye miti mikubwa ambako familia hutandika vitambaa majanini Jumapili. Ndani yake lipo kasri. Nyumba ya awali ilikuwa ya Elias Antônio Lopes, tajiri aliyefanya pia biashara ya watumwa, akamkabidhi Dom João, mtawala wa Ureno aliyefika Brazili mwaka 1808 akimkimbia Napoleon. Mwaka 1892 kasri likawa Makumbusho ya Taifa, na usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 likateketea. Kati ya vilivyoungua ni kiti cha enzi kutoka Dahomey, zawadi ya Mfalme Adandozan kwa huyo huyo Dom João. Zawadi ya muuzaji kwa mnunuzi, tuseme ukweli.

Kutoka hapo tulikwenda upande wa bandari, kwenye gati la Valongo. Dereva wa teksi alilipita mara mbili bila kuliona, nasi hatukumlaumu, maana ni shimo pana tu kando ya barabara, lenye mawe yaliyopangwa, na bahari yenyewe imesogezwa mbali kwa kifusi. Gati lilijengwa mwaka 1811. Inakadiriwa kuwa Waafrika 900,000 hivi walishushwa Valongo. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini Msumbiji nayo ilitoa sehemu yake. Baada ya mwaka 1815, Ureno ilipokubaliana na Uingereza kuacha biashara hiyo kaskazini ya ikweta, manahodha walizidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Kurudi kulichukua miezi miwili na zaidi. Waliopakiwa huko wengi wao ni Wamakua, ambao ndugu zao tunao Masasi hadi leo.

Mwaka 1831 sheria ilipiga marufuku uingizaji wa watumwa, ingawa magendo yaliendelea miaka mingi. Mwaka 1843 alikuja Teresa Cristina, bibi harusi wa Mfalme Pedro wa Pili. Ili asikanyage mawe yale, gati jipya la heshima lilijengwa juu yake, likaitwa la Malkia. Mwaka 1911 hilo nalo likafukiwa, uwanja ukasakafiwa juu. Gati la watumwa lilionekana tena mwaka 2011, wakati wa kazi za kuifanya bandari iwe mpya kabla ya Olimpiki ya 2016. Mwaka 2017 UNESCO ililiandika katika Urithi wa Dunia. Tuliwakumbuka wenzetu wa Unguja: pale Mkunazini, soko la watumwa lilijengewa kanisa juu yake.

Wachimbaji walikuta hapo pete, vipande vya kiko na shanga. Kwa Kireno cha Brazili shanga huitwa "miçanga", neno lililotoka Kimbundu cha Angola. Tulilitamka mara kadhaa tukatazamana.

Hatua chache mbele, mtaa wa Pedro Ernesto, kuna nyumba ya kawaida kabisa. Mwaka 1996 wenyewe walikuwa wakiikarabati, mafundi wakakuta mifupa. Ilikuwa makaburi ya "Pretos Novos", weusi wapya, yaani waliokufa mara tu baada ya kushushwa, kabla hawajauzwa. Hawakuzikwa kwa maana tunayoijua sisi: walitupwa mashimo mafupi, wakachomwa, wakachanganywa na takataka za mji. Leo nyumba ile ni makumbusho. Hatukupiga picha.

Mzee mmoja wa msafara wetu, ambaye mama yake ni Mmakua, aliuliza kama majina yao yameandikwa popote. Akajibiwa kwamba majina ya meli yapo, na ya manahodha yapo. Waliofika wazima na kuuzwa walibatizwa, wakaandikwa João au Maria, na mbele yake, mahali pa jina la baba, "Moçambique".