Mjusi wa buluu wa Kimboza, na swali la binamu yangu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nina kisa cha historia kilichoanza na simu ya binamu yangu anayeishi Ujerumani.

"Wewe si mtu wa Morogoro?" akaniuliza. "Kuna jamaa anauza mijusi wawili wa buluu, anasema asili yao huko kwenu. Hebu nitafutie namna ya kuwatunza."

Nikacheka. Sisi mjusi tunamfukuza kwa ufagio, wenzetu wanamnunulia taa! Lakini nilipoanza kuchimba, kicheko kikaniisha.

Mjusi huyo kitaalamu anaitwa Lygodactylus williamsi. Arthur Loveridge ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1952. Ni kadogo, urefu wa kidole hivi. Dume ni buluu ya kung'aa, jike ni kijani. Duniani kote, makao yake ya asili ni msitu wa Kimboza chini ya milima ya Uluguru, msitu wa Ruvu, na vipande vichache vya jirani. Kimboza yenyewe haifiki kilomita 5 za mraba. Na humo ndani anakaa kwenye mti mmoja hasa, mkadi, akijificha katikati ya majani yake marefu yenye miiba.

Nimekulia Morogoro mjini na njia ya Matombo nimeipita mara nyingi. Wala sikujua!

Wageni walijua. Miaka ya 2000 wafugaji wa Ulaya na Marekani walimpenda kwa rangi yake, na biashara ikawaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilitoa Kimboza mijusi kati ya 32,000 na 42,000 hivi, kuanzia Desemba 2004 hadi Julai 2009. Na kwa kuwa mkadi una miiba na mjusi yuko juu, wengi waliona njia ya mkato ni kukata mti wenyewe. Yaani unamchukua mjusi, na nyumba yake unaiangusha. Mwaka huohuo wa 2012 akaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, mjusi huyu akapewa ulinzi wa juu kabisa, ulioanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo hairuhusiwi kumkamata porini na kumuuza kimataifa kibiashara.

Sasa, binamu aliuliza matunzo, na matunzo nilimpa. Kisanduku cha kioo kirefu kwenda juu, chenye mianzi na majani mapana. Joto la mchana nyuzi 25 hadi 28, na sehemu moja yenye joto zaidi chini ya taa. Taa ya miale ya UV, na maji ya kunyunyiza kila siku. Chakula ni wadudu wadogo, kama nzi wa matunda na nyenje wachanga, waliopakwa unga wa kalisiamu. Madume wawili usiwaweke pamoja, watapigana.

Lakini nikamwambia, kaka, hayo yote ni ya pili. La kwanza ni kumuuliza muuzaji: hawa wametoka wapi? Mjusi huyu huzaliana vizuri mikononi mwa wafugaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua wa msituni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji halali anatakiwa kuwa na cheti. Anayefuga kweli atakutajia wazazi wa mjusi na lini yai liliangulika. Na ndiye huyo atakayekufundisha kufuga kuliko mimi.

Binamu akaenda kuomba cheti. Muuzaji akasema atakitafuta. Wiki tatu zimepita, simu hapokei.

Kisanduku binamu alishakinunua, kiko sebuleni kitupu. Amesema kitabaki hivyo hadi apate mwenye karatasi. Mimi nimejiahidi kwenda Kimboza safari hii nikiwa Moro, nikauone huo mkadi kwa macho yangu. Nikirudi nitawasimulia.