Risasi ilikuwepo, kinga ikachelewa

Mwishoni mwa Desemba 1895 Wilhelm Röntgen aliitangaza miale ya eksirei, na ndani ya ripoti hiyohiyo akaandika kwamba risasi yenye unene wa milimita 1.5 karibu haipitishi kitu. Kinga ilijulikana kabla ya hatari yenyewe.

Risasi safi nayo ilikuwa tele, shukrani kwa waliokuwa wakisaka madini ya fedha. Risasi hutoka tanuruni ikiwa na shaba, antimoni na fedha kidogo. Mwaka 1833 Hugh Lee Pattinson wa Newcastle alibuni njia ya kuiacha ipoe taratibu, kwa kuwa chembe zinazoganda kwanza huwa na fedha kidogo. Wafanyakazi walisimama kwenye safu ya masufuria makubwa ya chuma, wakiopoa chembe hizo kwa upawa wenye matundu na kuzihamishia sufuria ya pili, ya tatu, ya nne. Ilikuwa kazi ya sulubu. Mwaka 1850 Alexander Parkes wa Birmingham akaifupisha: akakoroga zinki ndani ya risasi iliyoyeyuka, fedha ikaikimbilia zinki, na vyote viwili vikaelea juu kama utando wa maziwa, tayari kuenguliwa.

Kinachozuia mionzi hasa ni uzito wa risasi. Faida ya usafi ni ulaini: risasi iliyosafishwa hukubali kusukumwa mashineni ikawa bamba jembamba, na haipasuki upesi inapokunjwa konani.

Mabamba ya risasi yaliezeka makanisa ya Ulaya wakati Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison huko Marekani, akijaribu mirija ya eksirei kwa mikono mitupu. Mikono yote miwili ilikatwa. Alifariki 1904, na kifo hicho kinauma kwa sababu kingeweza kuzuilika. Kule Boston, daktari wa meno William Rollins alikwishashauri mrija ufungwe ndani ya kasha lisilopitisha mionzi, na mpigaji picha avae miwani ya kioo chenye risasi. Wachache walimsikia.

Uingereza iliunda kamati ya kinga mwaka 1921, baada ya kifo cha Dkt. Ironside Bruce wa Hospitali ya Charing Cross, London. Kamati ilishauri watumishi wasizidishe saa 7 za kazi kwa siku. Kinga zikaja kupimwa kwa milimita za risasi, kama zinavyopimwa hadi leo.

Ulaini uleule wa risasi huwapa kazi mafundi wanaojenga vyumba vya eksirei: bamba lililoning'inizwa tu hulegea kwa uzito wake, hivyo hugandishwa kwenye ubao. Maungio hupandanishwa, na kila tundu la skrubu hufunikwa kwa kipande kingine cha risasi.